Kopo Lililotoka na Chembechembe

Kopo la kwanza la mafuta ya kakao nililotengeneza mwenyewe lilinitia aibu. Niliyeyusha siagi ya kakao, nikachanganya na mafuta ya nazi nusu kwa nusu, nikamimina koponi, nikaacha lipoe mezani usiku kucha. Asubuhi kujipaka, ni kama najisugua kwa mchanga. Nikamlaumu muuzaji bure.

Punje ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, na hayo ndiyo siagi ya kakao. Mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Amsterdam ilipata hataza ya mtambo wa kuyakamua, na mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol ikayarudisha kwenye kakao na sukari ikapata chokoleti ya kutafuna. Tangu hapo watengeneza chokoleti wanapambana na kosa lile lile lililonikuta mimi.

Mafuta haya yanaweza kuganda kwa maumbo sita ya fuwele. Umbo la nne huyeyuka kwenye nyuzijoto 27 hivi, la tano karibu na 34. Linalotafutwa ni la tano: gumu mezani, laini ulimini. (Wafamasia nao walilipenda kwa sababu hiyo hiyo, wakatengenezea dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa.) Ukiacha mchanganyiko upoe wenyewe, fuwele huota ovyo, nyingine zikanenepa hadi kidole kikazihisi.

Mara ya pili niliyeyusha hadi 50, pasibaki fuwele hata moja. Nikapunguza nazi hadi sehemu moja kwa nne za kakao, maana mafuta ya nazi Dar es Salaam ni maji karibu mwaka mzima na hulegeza kila yanachochanganywa nacho. Nikakoroga hadi joto likashuka 30, kiwango ambacho umbo la nne halikai. Hapo nikatia kijiko cha siagi ya kakao ngumu niliyoikwangua kama nazi: hiyo ndiyo mbegu, fuwele mpya huiga za zamani. Nikakoroga tena, nikamimina kwenye makopo madogo, nikayaingiza kwenye friji. Yalitoka laini kama mshumaa.

Kwenye ngozi, mafuta haya hayaleti maji; yanazuia yaliyopo yasipotee. Ndiyo maana hupakwa mwili ungali na unyevu wa kuoga. Uso wenye chunusi uyaepuke. Na mama mjamzito anayeahidiwa kwamba yatazuia michirizi ya tumbo anadanganywa: walipolinganishwa wajawazito waliopaka krimu yenye kakao na waliopaka isiyo nayo, tofauti haikuonekana.

Chokoleti iliyosahaulika kwenye gari juani, ikaganda tena na kuota weupe, watu huitupa wakidhani ni ukungu. Ni mafuta yale yale, yamepanda juu na kuganda kwa umbo lisilofaa. Iyeyushe, upikie keki.