Bwana, Bibi na Mbwa Wao: juu ya filimu The Thin Man

Katika filimu za wapelelezi twazoea kungojea mambo mawili tu: nani ameua, na kwa njia gani atakamatwa. Mwuaji akiisha kutiwa pingu, hamu yetu yakatika; maana nani atarudi kutegewa kitendawili ambacho ajua jibu lake? Lakini kuna filimu moja ya Marekani, ya mwaka 1934, nyeusi na nyeupe tupu, ambayo watu huitazama mara ya tatu na ya nne wakiwa wamekwisha kusahau ni nani aliyeua. Yaitwa The Thin Man, ndiyo kusema Mtu Mwembamba. Mapendo ya namna hii yafaa yachunguzwe, kwa sababu hayatoki mahali tunapodhani.

Kwanza habari yenyewe, kwa kifupi. Mvumbuzi mmoja wa New York, jina lake Wynant, mrefu na mwembamba, asafiri kwa siri, akiahidi kurudi mbele ya Noeli, wala harudi. Mara mwanamke aliyekuwa mwandishi wake aonekana ameuawa, na polisi wamtafuta Wynant. Binti yake aenda kumsihi Nick Charles, mpelelezi wa zamani aliyeacha kazi nyuma ya kuoa mwanamke tajiri, Nora. Nick hataki: amekuja mjini kupumzika na kunywa. Anayetaka ni Nora, kwa kuwa ana hamu ya kumwona bwana wake akifanya kazi ile aliyosifiwa. Basi mwembamba ni huyo aliyetoweka, si mpelelezi; lakini watu walimpa Nick jina hilo, na kampuni ya MGM ikalishika kwa filimu tano zilizofuata, ambamo Wynant hamo hata kidogo.

Tukiipima kama kitendawili, filimu hii si kitu kikubwa. Mwishoni Nick awaita washukiwa wote kwa chakula cha jioni, na watumishi wa meza ni polisi waliojigeuza. Asema kwa haraka, akisia hiki, ajaribu kile, na sisi tukiwa hatujapata nafasi ya kuhesabu kama mambo yalingana, mwuaji amekwisha kujifunua. Hatutamtaja. Atakayeitazama mara ya kwanza ana haki ya kudanganywa.

Utamu uko pengine. Nora atokea mara ya kwanza akivutwa na mbwa mdogo, Asta, mikono yake imejaa vifurushi vya Noeli; aanguka kifudifudi sakafuni, mbele ya watu wenye mavazi mazuri wanaokunywa pale. Myrna Loy, mchezaji wake, miaka ya nyuma alikuwa amepewa mara nyingi kucheza wanawake wa kigeni wenye hila. Hapa ainuka kama malkia aliyeamua mwenyewe kulala chini. William Powell, aliye Nick, hamkimbilii kwa maneno ya asali. Watazamana, wataniana, na mara moja twajua kwamba hawa wawili wamezoea kuchekana pasipo kudharauliana.

Usiku mmoja mtu mwenye bastola aingia chumbani mwao. Nick ampiga bibi yake ngumi ya kidevu kusudi aanguke na risasi isimpate, kisha apigana na yule mtu. Jambo hili tukilisimulia hivi laudhi, nasi hatuwezi kumsifu mtu anayempiga bibi yake hata kwa nia njema. Lakini tumsikilize Nora anapozinduka. Hasikitikii kidevu, akasirika kwa sababu hakuyaona mapigano! Alijua kwamba bwana wake atashinda, ila alitaka kutazama. Kwa neno hilo moja, yule aliyetupwa pembeni amerudi katikati ya mchezo, na tangu hapo hatoki tena.

Kipande tunachokipenda kupita vyote ni karamu ya Noeli. Kati ya wageni wamo wezi na wanyang'anyi ambao Nick aliwatia gerezani zamani. Wanakunywa kwake pasipo kinyongo. Mtu mzima mmoja alia kama mtoto, kwa kuwa ataka kuongea na mama yake aliye mbali kwa simu. Nora, binti wa matajiri, apita katikati yao akicheka, wala hamwoni mtu kuwa mdogo. Amwambia bwana wake kwa mzaha kwamba ampenda kwa ajili ya marafiki wema alio nao. Na mzaha ule, ukiutazama vizuri, zaidi ya nusu yake ni kweli.

Walioandika mchezo huu, Frances Goodrich na Albert Hackett, walikuwa bwana na bibi wenyewe, nasi twadhani hilo lasikika. Kitabu cha Dashiell Hammett, kilichotoka Januari mwaka uleule, kina ubaridi zaidi. Mwongozi wa filimu, W. S. Van Dyke, alijulikana kwa haraka yake. Aliimaliza kwa muda usiofika majuma matatu. Haraka hiyo ilifaa, maana maneno yaruka kati ya wawili hawa bila kugusa chini. Anayesoma maandishi chini ya picha apoteza sehemu kubwa. Iliyobaki sharti aitafute katika nyuso.

Wala tusimsahau mpiga picha, James Wong Howe, mzaliwa wa China. Tazama Nick aingiapo usiku katika karakana ya Wynant, mbwa akinusa sakafu: giza, mwanga kidogo, vivuli ukutani. Rangi zingeliharibu jambo hilo. Kwa dakika chache twaogopa kweli, na kwa sababu tumeogopa, kicheko kinachofuata hakiwi cha bure.

Kuna jambo linalotukwaza. Watu hawa wanakunywa tangu mwanzo mpaka mwisho. Nora akisikia kwamba bwana wake yuko kwenye glasi ya sita, aagiza tano zaidi zipangwe mbele yake apate kumfikia. Kesho yake ana barafu kichwani, na adhabu imekwisha. Twafahamu kwamba Marekani pombe ilikuwa imekatazwa mpaka Desemba 1933, na watazamaji walicheka kama watu waliotoka katika mfungo. Tena ilikuwa miaka ya ukosefu mkubwa wa kazi, na ulevi wa matajiri ulikuwa kwao kama hadithi ya nchi ya mbali. Lakini Hammett, aliyekuwa zamani mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, alikuwa mlevi wa kweli, wa kuugua. The Thin Man kilikuwa kitabu chake kirefu cha tano na cha mwisho, ingawa aliishi mpaka 1961. Juu ya ndoa filimu hii yasema kweli. Juu ya chupa yadanganya, nasi twaipenda tukijua hivyo.

Wengine husema kwamba kicheko cha Hollywood kiliuawa na zile sheria za adabu, zilizoandikwa mwaka 1930 na Padri Daniel Lord, Mjezuiti, pamoja na Martin Quigley, zikakazwa tangu Julai 1934, mwaka Wakatoliki wa Marekani walipoanzisha Legion of Decency kupigana na filimu chafu. The Thin Man ilitoka Mei, sheria zikiwa bado kukazwa. Hata hivyo Nick na Nora hulala katika vitanda viwili mbalimbali, wala hatujasikia mtazamaji aliyedhani kwa sababu hiyo kwamba hawapendani.

Powell na Loy walicheza pamoja katika filimu 14. Zile za Nick na Nora za mwaka 1939 hadi 1947 zachoka kidogo kidogo, na asiye na nafasi aweza kuziacha. Ya 1936, After the Thin Man, asiiache. Humo kijana James Stewart ni mmoja wa wale wanaozungukwa na mashaka, na mwishoni, katika treni, Nora afuma soksi ndogo sana, na mpelelezi mkuu aitazama kitambo kizima pasipo kufahamu ni ya nani.