Fundi wa Maji Yanayorudi

Huko Mtopanga, katika upande wa Kisauni, yuko mzee mmoja atengenezaye matangi ya samaki yanayolisha mboga, na mtu akimkuta kazini hatamani kuondoka upesi, kwani kila jambo hulitenda kwa utaratibu na hadhari ya mtu aliyekwisha kuzoeana na maji kwa miaka mingi. Kabla hajatia kokoto katika kitalu, huokota jiwe moja, akalipangusa vumbi, akalikamulia tone la ndimu, kisha akaliinamia kulitazama. Jiwe likitoa povu, fungu zima hukataliwa, maana hilo ni jiwe la matumbawe lenye chokaa, na chokaa ikiyeyuka hubadili tabia ya maji hata mizizi ikashindwa kunyonya madini ya chuma, na mchicha ukapiga umanjano ilhali maji yamejaa chakula chake. Katika pwani hii, ambapo toka Likoni hata Bamburi tumejenga juu ya matumbawe na kwa matumbawe, ndimu moja yatosha kumwepushia mtu hasara ya msimu mzima. Na wauzao matangi yaliyo tayari, wenye maneno matamu, hawaitaji ndimu hiyo.

Kazi yenyewe, ambayo wataalamu huiita akwaponiki, si kitendawili. Uchafu utokao kwa samaki, ambao ungewadhuru wenyewe, hugeuzwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho ukawa riziki ya mimea, na mimea ikisha kujipatia fungu lake, maji huteremka tena kwa samaki yakiwa yametakata. Lakini vijidudu hivyo havinunuliki kwa haraka. Huchukua mwezi na zaidi kujijenga katika kokoto, na muda wote huo fundi huja kunusa maji, kuyateka kiganjani, kuyapima, kisha humwambia mwenye nyumba kwa upole, "Bado mabichi haya, mwanangu, yaache yaive." Wangapi leo wawezao kuambiwa hivyo wakatulia? Mtu hununua tangi Jumamosi, akatia perege mia Jumapili, na wiki haijamalizika samaki wameelea matumbo juu. Naye huenda akawatangazia majirani kuwa jambo hili ni la udanganyifu, ilhali taksiri yote ni ya pupa yake.

Wala tusidhani kuwa jambo hili limetufikia jana kutoka ng'ambo. Ni kweli kwamba James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin walilifanyia utafiti mrefu tangu miaka ya 1980, na dunia ina haki ya kuwashukuru. Lakini nani asiyejua habari ya mabirika ya nyumba za kale za Lamu? Ndani ya birika la chooni wakiwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa, katika sakafu ya birika, fundi mwashi alijengea sahani ya kaure iliyokuja kwa jahazi kutoka mbali, ili maji yakipungua, au birika likisafishwa, samaki wale wapate mahali pa kukusanyika wasife. Nakuomba, msomaji, uitafakari sahani hiyo. Mwenye nyumba alikuwa na kitu cha thamani ambacho angeweza kukitundika ukutani kwa fahari, kama alivyozitundika nyingine, naye akakubali kizikwe chini ya maji, mahali ambapo mgeni hatakiona, kwa ajili ya viumbe wadogo waliomlindia afya ya watoto wake.

Nami katika utoto wangu nimeuona msikiti ambao maji ya udhu hayakupotea, bali yaliteremka kwa mfereji wa mawe hadi kwenye migomba na mrehani nyuma ya ukuta, na bibi zetu wakiyachuma majani yake kwa ajili ya vikuba. Hakuna aliyetuhutubia juu ya israfu. Tuliona tu kwamba maji yalikuwa na safari, na kwamba kuyakatiza safari yake ni utovu wa adabu.

Hata hapa bara ya Mombasa tunao ushahidi mkubwa wa maarifa haya. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, kiliacha mashimo makavu yenye joto, ambayo sakafu yake ilikaribia maji ya munyu yaliyo chini ya ardhi. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba mzaliwa wa Uswisi, akaanza kupanda miti humo. Katika aina 26 alizozijaribu ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ikiwamo, na majongoo wakafanya kazi ya kuyasaga majani yake yakawa udongo. Kisha akafuga perege, na maji ya samaki hao yakapewa kazi nyingine katika mimea badala ya kumwagwa.

Basi huzuni yangu ni hii, kwamba saruji iliyotoka katika mashimo hayo ndiyo tuliyoimwaga katika nyua zetu. Visima vimefukiwa, na vilivyobaki vimeharibiwa na vyoo vilivyochimbwa karibu navyo. Palipokuwa na mpapai na mnanaa pamejengwa vyumba vya kupangisha. Tangu miaka ya 1950 bomba la Mzima limetuletea maji kutoka masafa ya zaidi ya kilomita 200, na maji yaliyokuja kutoka mbali namna hiyo, ambayo leo mfereji huyatoa kwa zamu, na siku nyingine twayanunua kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, tunayaoshea vyombo mara moja kisha tunayatupa njiani.

Lakini ua uliosakafiwa si kisingizio, kwa sababu tangi la lita 1,000 na kitalu chake huenea katika nafasi ya kitanda kimoja, na maji yake huhitaji kuongezwa tu kwa kadiri ya yaliyovukizwa na jua na yaliyonywewa na mboga. Kinachopunguka ni watu. Mzee wa Mtopanga huamka kabla ya alfajiri kuwatazama samaki, kwani wakija juu kuhema katika saa hiyo hujua kwamba hewa imepungua majini, pengine umeme ulikatika usiku na pampu ikasimama. Na elimu hiyo ya macho na masikio hana aliyemrithisha. Wanawe wako mijini katika kazi nyingine, na vijana wanaopita mlangoni pake humpiga picha kisha wakaenda zao.

Enyi vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe, na hasa ninyi mnaolalamika kwamba kazi hakuna: tafuteni mafundi wa namna hii mngali nao, mkakae miguuni pao walau msimu mmoja. Huyu wa Mtopanga hatozi ada, na hajawahi kumfungia mtu mlango.