Paa la Cape Crozier: Kosa ni la Mahali, Si la Kamba

Habari ya Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, waliotoka Cape Evans tarehe 27 Juni 1911, katika giza la kipupwe cha kusini, kwenda Cape Crozier, huko Antaktika, kutafuta mayai ya pengwini, mnaijua. Na wengi wenu mmezoea kuisoma kwa taadhima, kana kwamba ushujaa hufuta kosa. Rai yangu, ambayo nimekwisha kulaumiwa kwayo mara kadha wa kadha, ni kuwa maskani yao hayakuvunjwa na tufani, bali na uamuzi wa kuyajenga pale.

Kibanda cha mawe walikisimamisha upande wa demani, chini kidogo ya ukingo wa tuta, wakitumaini kuwa tuta litawakinga; wakalaza sleji juu ya kuta iwe boriti, wakatandaza turubai, na mapindo yake wakayateremsha nje na kuyazika kwa mawe na theluji. Kazi ya mikono haina ila. Lakini upepo upandao mlima na kuuruka ukingo huzidi kasi, na pale chini yake kani ya hewa hupungua, hata turubai, badala ya kugandamizwa, hunyonywa kwenda juu. Na likiwa bapa, limefungwa pande zote, hupigwapigwa mpaka nyuzi zake zisalimu amri. Tarehe 22 Julai hema lililokuwa kando ya kibanda, japo lilizikwa barabara, lilichukuliwa; kesho yake, siku Wilson alipotimiza miaka 39, paa likararuka vipande vipande, nao wakabaki ndani ya mifuko ya kulalia, theluji ikiwafunika. Kamba za nani zingezuia hayo?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Bowers alikuwa baharia, tena aliyewahi kuhudumu katika Ghuba ya Uajemi, penye majahazi. Nahodha yeyote wa mwambao huu wetu wa Waswahili angemwambia kuwa kitambaa hakishindani na dhoruba, hukunjwa.

Hema lilipopatikana kama nusu maili chini ya mteremko, Bowers alilala amejifunga nalo kwa kamba, na hilo lilikuwa jema.

Mlinganisheni na Frank Wild, mpelelezi mwingine wa Antaktika, ambaye katika kisiwa cha Elephant, mwaka 1916, aliwahifadhi watu 22, yeye akiwa mmoja wao, chini ya mashua mbili zilizopinduliwa juu ya kuta fupi za mawe, hata walipookolewa tarehe 30 Agosti. Mbao hazipepei. Huyo ndiye fundi, na sichoki kumtaja.

Basi, ewe msomaji, kabla hujachomeka mambo wala kukaza kamba, panda ukingoni uutazame upepo unakopita. Ukiona unaruka juu ya kichwa chako, lihamishe hema mbali na ukingo huo, hata kama umechoka na usiku umeingia.