Kuvuka Reli, Kufuata Reli

Katika michoro ya mradi wa Nairobi Railway City, kila kitu kinaelekea kusini. Barabara za katikati ya jiji zinarefushwa, majengo yanajipanga pembeni yake, na macho ya mtazamaji yanavushwa juu ya reli bila kusimama. Eneo lenyewe ni ekari 425, kuanzia Barabara ya Haile Selassie na Uhuru Highway hadi upande wa Bunyala: stesheni ya zamani, karakana, maghala na reli. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mradi huo akiwa na James Cleverly, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati ule. Stesheni kuu mpya imechorwa na kampuni ya Atkins.

Mwelekeo huo una sababu nzuri. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji uliota ukingoni mwake kama uyoga kwenye gogo, tena upande mmoja. Stesheni iko mwisho wa Moi Avenue, uso wake umeelekea maduka na ofisi, mgongo wake umeelekea Eneo la Viwanda. Kwa zaidi ya karne moja jengo hilo limefanya kazi mbili: kupokea abiria na kuziba njia. Mchoraji anayekuja leo na kusema mgongo huo ufunguliwe ameusoma mji vizuri, na sina ugomvi naye hapo.

Ugomvi wangu uko kwenye mstari mwingine. Huo haukuchorwa na mtu.

Kila alfajiri watu wa Kibera hushuka kwenda Eneo la Viwanda kwa miguu, na wengi wao huifuata reli. Nauli ya matatu kwa mtu anayelipwa kwa siku si mzaha, na reli ndiyo njia iliyonyooka, isiyo na magari. Tazama miguu yao. Mataruma yamepangwa karibu karibu, hayaendani na hatua ya mtu mzima: ukikanyaga kila moja unatembea kama mtoto, ukiruka moja unajinyoosha mno. Kwa hiyo watu huacha mataruma na kushika ukingo, na hapo udongo umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, upana wake mtu mmoja na nusu. Anayekuja mbele yako anakanyaga kokoto, wewe unapita, kisha unarudi mahali pako. Utaratibu huo haukuandikwa popote na kila mtu anaufuata.

Kwa hiyo reli ina masomo mawili. Mpango unaisoma kama kizuizi cha kuvukwa. Mtembea kwa miguu anaisoma kama njia ya kufuatwa. La kwanza linakwenda kusini, la pili linakwenda mashariki, nayo yanakutana pale pale ilipopangwa stesheni mpya. Kiini cha umbo la mradi kiko katika makutano hayo.

Waingereza wana mfano wao wa makutano kama hayo. King's Cross, London, ulikuwa uwanja wa reli na maghala ya makaa, ekari 67 tu, kwa hiyo Nairobi ni zaidi ya mara sita. Ndani yake unapita mfereji wa Regent's Canal, uliofunguliwa mwaka 1820, na kando ya mfereji kuna njia ambayo zamani farasi waliipita wakivuta mashua. Uwanja wa Granary Square ulipofunguliwa mwaka 2012, wabunifu waliweka ngazi pana zinazoteremka hadi kwenye njia ile. Unaweza kuishika njia hiyo kutoka nje ya mradi, ukaupita mradi wote, ukatokea upande wa pili bila mtu kukuuliza unakwenda wapi. Kodi za pale siwezi kuzitetea, lakini zile ngazi nazisifu: zimeongeza njia ya kuvuka bila kuua njia ya kufuata.

Nairobi, hadi sasa, imekuwa ikiijibu njia ya kufuata kwa ukuta. Kibera, mradi wa Shirika la Reli uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulihamisha nyumba na vibanda vilivyobana reli, ukajenga makazi mapya, ukuta na madaraja ya waenda kwa miguu. Treni ikapata nafasi, na hilo lilihitajika. Lakini daraja nalo ni la kuvuka. Muthurwa, jirani ya stesheni, wakazi wa nyumba za zamani za reli walikwenda Mahakama Kuu kupinga kuhamishwa kwa nguvu, na mwaka 2013 jaji alikubali kwamba haki zao zilikiukwa. Mradi unaposema ardhi ya reli iko wazi, ni vizuri kukumbuka hukumu hiyo.

Kuna kejeli moja ndogo. Paa kubwa la stesheni kuu linaahidi kuwasili, lakini anayetoka Mombasa kwa treni ya reli ya kisasa, SGR, tangu 2017 huwasili Syokimau, mbali na katikati ya jiji, kisha anabeba mizigo yake na kupanda treni nyingine.

Mimi nasoma michoro hii nikiwa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mbarara yetu, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, haina reli. Ile iliyofika Kasese mwaka 1956 ilipita mbali kaskazini. Kupimiwa ardhi, hata hivyo, tunakujua. Hapa kiwanja hutolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, mstari ukiwa umenyooka, na hazipiti wiki nyingi kabla mama mwenye dumu la maji hajakata kona. Anayetaka kujua makazi haya yanavyotumika huacha ramani na kufuata vichochoro.

Ndiyo maana ningeomba karatasi moja zaidi katika faili la Nairobi. Picha za angani zinatosha, na mikato inayoonyesha jinsi ya kuvuka inatosha. Nataka mkato wa urefu, kutoka Kibera hadi Barabara ya Enterprise, saa kumi na mbili asubuhi, unaoonyesha kwa mita ukingo ule wa udongo unafikia wapi, unageuka nini chini ya stesheni mpya, na geti likiwepo, nani ana ufunguo.