Mkono Unaonyoosha Waya

Pale Nyamisati, wilayani Kibiti, safari hufuata maji. Yakipwa, abiria wa Mafia na wa vijiji vya delta ya Rufiji husubiri yajae. Kwa fundi sauti aliyekuja kurekodi wazee wa Rufiji, saa hizo za kungoja ni saa za kazi. Ndipo anapofungua begi, akatoa maiki ndogo ya kubana kwenye kola, akautandaza waya wake mapajani na kuanza kuunyoosha.

Kazi hiyo haitajwi popote majina yanapopita mwishoni mwa filamu. Inastahili sifa hata hivyo, kwa kuwa inadai maarifa ya shaba, ya plastiki na ya joto, na inadai pia heshima kwa mtu ambaye bado hajafungua kinywa.

Waya wenyewe ni mwembamba. Aina nyingi zina unene wa milimita 2 au pungufu. Ndani yake mna nyuzi za shaba zilizovikwa plastiki, kisha ala ya nyuzi nyingine za shaba inayozizingira ili kuzuia mngurumo wa umeme na vurugu za simu, na juu ya yote gamba la plastiki laini. Baadhi hutiwa aramidi, nyuzi zile zile za fulana za kuzuia risasi, ili uhimili kuvutwa. Kinachopita humo ni umeme hafifu mno utokao kwenye maiki ya elektreti, aina iliyobuniwa mwaka 1962 na James West na Gerhard Sessler katika maabara za Bell, Marekani. Kutokana na kazi yao, maiki iliweza kupungua hadi ikafichika nyuma ya kifungo cha shati. Udogo huo ulikuja na gharama: kila kitu kilichopungua ukubwa kilipungua pia uvumilivu.

Madhara huanza kidogo kidogo. Mtu amemaliza mahojiano, amechoka, gari linamsubiri. Anauzungusha waya kwenye kirushio, kile kisanduku kinachorusha sauti ya maiki, anaubana kwa mpira, anautumbukiza mfukoni. Plastiki iliyolala katika umbo moja, hasa ndani ya gari lililoachwa juani mchana wa Kibiti, hulizoea umbo hilo. Shaba nayo, ikikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja, hukakamaa, mwishowe hukatika uzi baada ya uzi. Ndipo mkwaruzo unapoanza kusikika, leo upo, kesho haupo, na hakuna anayejua umetoka wapi.

Lakini hata waya ambao haujakatika ndani unaweza kuharibu rekodi. Penye kunyanzi, waya hukakamaa na kusukuma nguo. Mzee aliyevaa kanzu akiinua mkono kuonyesha mahali mto ulipokuwa ukipita zamani, kunyanzi hilo husugua kitambaa, na msuguo husafiri ndani ya waya mpaka kwenye maiki. Mtandio wa nailoni huongeza mchakacho. Waya ulionyooka na kulegea, ukiwa na kitanzi kidogo kilichofungwa chini ya kibanio ili kumeza mtikisiko, hukaa kimya kifuani kwa msemaji.

Wa kwanza kuuelewa ufundi wa kuukunja waya huwa ni manahodha. Wao hushughulika na kamba kila siku, na wanajua kwamba kamba iliyosokotwa ina upande wake: ukiikunja kinyume, itajinyonga. Waya wa maiki una kanuni ya jamaa na hiyo. Kila duara la kawaida linalokunjwa huuacha waya na msokoto mmoja kamili. Maduara kumi, misokoto kumi, na siku ya kuuvuta kwa haraka misokoto hiyo hukusanyika mahali pamoja na kufanya fundo. Kwa hiyo fundi hubadilisha: duara moja hupitisha juu ya kiganja, la pili huligeuzia chini, la tatu juu tena. Msokoto wa duara moja hufutwa na wa duara linalofuata, na waya hutoka wote bila kujinyonga.

Kunyoosha kwenyewe kuna mpangilio wake, na haraka ndiyo adui mkubwa. Kwanza fundi huchomoa jeki ya waya kwenye kirushio, ili ncha moja iwe huru kuzunguka. Huushika waya karibu na maiki, kamwe si kwa kichwa cha maiki, akauacha uning'inie mpaka misokoto ijitoe yenyewe. Penye kitanzi kilichokaza, havuti ncha mbili. Hukisukuma kirudi nyuma kilikotoka, kipanuke, kisha akakizungusha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kifunguke. Kuvuta ndiko kunakogeuza kitanzi kuwa jeraha.

Baada ya hapo huja joto. Fundi huupangusa waya kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kuondoa jasho na chumvi ambavyo ukanda huu wa bahari hauvikosi kamwe. Halafu huupitisha ndani ya kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, akiubana kidogo na kuutelezesha kutoka upande wa maiki kuelekea kwenye jeki, tena na tena. Uvuguvugu huilegeza plastiki. Maji ya moto huiharibu, na elektreti yenyewe haipatani na joto kali wala unyevu, hivyo maiki na jeki hukaa mbali kabisa na maji. Mwisho waya huning'inizwa usiku kucha kwenye msumari, chini yake kikibanwa kibanio kimoja cha nguo kuwa uzito. Uzito zaidi ya huo huurefusha waya badala ya kuunyoosha.

Asubuhi fundi huvaa hedifoni, huongeza sauti, na kuukunja waya polepole, sentimita kwa sentimita. Ukimya ukidumu, waya umepona. Ukilia mahali, hapana dawa ya vidole: hukatwa na kulehemiwa upya, au hustaafishwa. Kujua wakati wa kuacha nako ni sehemu ya ufundi.

Yote haya yana uzito wa pekee Rufiji, kwa sababu historia ya hapa imebebwa na vinywa. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya vita, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Miaka 60 hivi baadaye mwanahistoria Gilbert Gwassa aliwahoji wazee waliokuwa bado na kumbukumbu za vita hivyo vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake, Kinjeketile. Tunayasoma masimulizi ya wazee wale kwenye karatasi. Namna walivyonyamaza kabla ya kulitaja jina fulani, au walivyoshusha sauti, karatasi haiwezi kuitunza.

Lugha nayo ipo kwenye mizani. Mwaka 2013 Eva-Marie Ström alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, tasnifu juu ya Kindengereko, lugha ya eneo hili ambayo vijana wanazidi kuiacha na kushika Kiswahili. Kwa mwanaisimu, mkwaruzo wa nukta moja unaweza kufuta konsonanti aliyosafiri mbali kuitafuta. Na mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024, yakifunika mashamba na nyumba, waliopoteza kila kitu walistahili kusikika vizuri mara ya kwanza. Hakuna mtu muungwana anayemwomba mama aliyesombewa nyumba arudie maneno yake kwa sababu waya umelia.

Siku hizi vipo virushio vidogo vinavyobanwa moja kwa moja kwenye nguo, na wengi wanadhani habari ya waya imekwisha. Haijaisha. Vingi kati yake vina tundu la kuchomeka maiki ya waya, na anayetaka maiki isionekane kifuani bado hulitumia. Vyuo vinavyofundisha utangazaji nchini vingeweza kuipa kazi hii nafasi katika wiki ya kwanza, kabla ya kamera na kabla ya kompyuta: kila mwanafunzi apewe waya uliojikunja, kitambaa, beseni la maji ya uvuguvugu na hedifoni, kisha akabidhi kwa mwenzake waya ambao mwenzake ataukunja mwanzo hadi mwisho bila kusikia chochote. Atakayefaulu yuko tayari kupanda boti ya Nyamisati.