Medali ya Babu na Mwaka wa Mtunya

Ndugu msomaji, hadithi hii unaijua. Kijana wa mjini anakwenda kijijini kwenye msiba, anafungua sanduku la marehemu, anakuta medali iliyochakaa. Anaisugua, kinatokea kichwa cha mfalme wa Uingereza. Anahangaika maofisini, anapata karatasi, na karatasi inasema babu alikuwa askari hodari. Machozi yanamtoka, hadithi imekwisha. Sisi chipukizi tunaipenda mno hadithi hii. Sina ugomvi na sanduku wala na machozi. Ugomvi wangu uko kwenye ile karatasi: tunaiacha iseme peke yake, halafu sisi tunaipigia saluti.

Tuanze na medali yenyewe. Zile za Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) Waingereza walizichonga ubavuni namba, cheo na jina la mwenyewe, kwa hiyo mtafiti ana pa kuanzia. Lakini zile nyota za Vita vya Pili, walizopewa akina babu wa KAR waliokwenda Uhabeshi na Burma, zilitolewa bila jina. Ukiikuta moja sokoni, huwezi kujua ilikuwa ya nani. Na aliyekuwa askari wa Mjerumani je? Jengo la kumbukumbu za jeshi pale Potsdam lilipigwa mabomu Aprili 1945 na mafaili yakateketea. Wafu nao hawakupata nafuu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao baada ya Vita vya Kwanza. Mwandishi anayengoja karatasi ndipo ashike kalamu, bwana, atangoja sana.

Katika riwaya nilizosoma, iliyolikabili jambo hili kwa uzito ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar hajapewa Tuzo ya Nobel. Mhusika Ilyas anaingia jeshi la Mjerumani na kupotea. Dada yake, Afiya, anabaki anangoja. Miaka mingi baadaye mtoto wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake, anafika Ujerumani na kuanza kupekua mafaili.

Anayoyakuta yanafanana sana na maisha ya mtu wa kweli, Bayume Mohamed Husen. Huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingizwa vitani upande wa Mjerumani akiwa bado mtoto, akafika Berlin mwaka 1929. Alidai mishahara ya vita, wake na wa baba yake, akanyimwa. Mwaka 1934 akaomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa pia. Tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Tazama kinaya hiki: tunamjua vizuri kwa sababu alidai. Madai yake yaliandikwa, na majibu ya kumkatalia yakatunzwa.

Kifani, Gurnah amefaulu mahali ambapo wengi wetu tunaanguka. Faili analileta mwishoni kabisa, baada ya sisi kuishi na Afiya na ule ungojaji wake. Habari inapofika, kavu kama barua ya serikali, tayari tunajua imemgharimu nani. Faili linatoa tarehe. Uchungu tumeshaupata nyumbani kwa Afiya. Chipukizi wenzangu, hapo pana somo.

Hata hivyo, faili ni la aliyeshika bunduki. Aliyebeba mzigo wa mwenye bunduki yuko wapi? Nenda ukaione Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini juu kasimama askari peke yake. Na wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza tu, wanahistoria wanawakadiria kuwa karibu laki moja.

Sasa tuje huku kwetu, uwanda wa kati. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma. Wajerumani walikuwa wameshachukua ng'ombe na nafaka za Wagogo. Waingereza nao wakachukua, na wanaume wakasombwa kwenda kubeba mizigo. Kisha mvua ikagoma. Ndipo ikaja njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, yaani kugombania. Inakadiriwa iliua watu 30,000 hivi, karibu mmoja kati ya kila watano. Hakuna aliyevishwa nishani kwa kunusurika Mtunya.

Lakini jina limebaki. Wagogo huzipa njaa majina, na kwa majina hayo watu walihesabu umri: fulani alizaliwa mwaka wa Mtunya. Hiyo nayo ni kumbukumbu, tena haikuungua Potsdam. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa karibu na Dodoma mwaka huohuo wa 1917, alichapisha historia ya Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954. Gregory Maddox, mwanahistoria aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, ndiye pia aliyeandika utafiti juu ya Mtunya. Kwa hiyo tusizuge kwamba huku bara hakuna pa kuanzia.

Mtu atasema masimulizi ya bibi si ushahidi. Sawa, yapime. Lakini na faili lipime vilevile, maana nalo liliandikwa na mtu mwenye lake. Hadithi nzuri inaviweka vyote viwili mezani na kuvihoji.

Na hapa ndipo penye kazi ngumu. Yule askari aliyeingia nyumba ya Mgogo akabeba mtama wa mwisho, naye ni babu wa mtu. Huenda ni yuleyule wa medali. Jeshi lilikwisha kuwapanga watu wetu: mwenye bunduki juu, mpagazi chini, na mama mwenye ghala tupu hayumo kabisa. Tukiandika medali tu, tunaurudia mpango uleule kwa Kiswahili chetu wenyewe.

Kwa hiyo, we chipukizi unayetafuta habari za babu yako, uliza alipigana wapi na alipata nishani gani. Kisha ongeza maswali mawili: mwaka wa Mtunya alikuwa wapi, na watu wa nyumba yake walikula nini? Majibu yakigongana, usiyapatanishe haraka. Andika huo mgongano.

Naomba kuwasilisha.