Picha Zetu, Nyumba ya Nani? Uhakiki wa Programu za Tovuti ya Picha ya Pamoja

Makala haya yanahakiki programu ambazo hupendekezwa kila mara kundi la wapiga picha linapotaka kujenga tovuti ya pamoja, yaani mahali pa kushirikishana picha na pa kila mmoja kuonyesha kazi zake kwa wateja. Naandika nikiwa mwanachama wa kikundi kidogo cha wanafunzi hapa Kampala ambacho bado kinajadili jambo hili. Msimamo wangu ni kwamba mjadala wetu, kama mijadala mingi ya aina hii, unaanzia pasipofaa. Tunaulizana programu ipi inapendeza machoni. Swali la kwanza lingepaswa kuwa hili: siku tutakapohama, tutaondoka na nini?

Kwa Kiganda picha huitwa ebifananyi, neno lenye mzizi uleule wa kufanana tulio nao katika Kiswahili. Picha ni mfano wa mtu. Anayeshika picha ameshika sura za watu, na kwa hiyo uchaguzi wa programu ni suala la amana kabla ya kuwa suala la ufundi.

Tuanze na njia rahisi, ya kutumia mtandao wa kijamii wa kampuni kubwa. Njia hii si ya kudharauliwa. Mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Canon Rumanzi, ulikusanya picha za zamani za Uganda kutoka katika makusanyo ya watu na taasisi, ukazisambaza kupitia Facebook pamoja na tovuti yake. Watazamaji walikuwa tayari wako Facebook, kwa hiyo waliweza kuziona na kuzijadili palepale bila kujifunza kitu kipya. Hiyo ndiyo nguvu ya mahali penye watu.

Lakini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 14, serikali iliifungia Facebook nchini, baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti zilizohusishwa na upande wa serikali. Mitandao mingine ilirudi baada ya muda; Facebook ilibaki imefungwa kwa miaka. Tangu hapo, mpiga picha wa Kampala aliyeweka kazi zake zote humo alihitaji VPN ili kuziona kazi zake mwenyewe. Ugomvi haukuwa wake, lakini mlango uliofungwa ulikuwa wake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mtu anaweza kusema tatizo hilo ni la siasa, basi tutumie huduma iliyotengenezwa mahususi kwa picha. Flickr ni mfano mzuri wa jibu hilo. Kwa miaka kadhaa iliwapa watumiaji wa bure nafasi ya terabaiti 1. Mwaka 2018 ilinunuliwa na kampuni ya SmugMug, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza kwamba akaunti ya bure haitazidi picha 1,000. Mwaka 2019 ufutaji wa picha zilizozidi ukaanza, ingawa zilizokuwa tayari na leseni huria ziliachwa. Hapo hakukuwa na uchaguzi wala serikali; mwenye nyumba alibadilika, na masharti ya upangaji yakabadilika naye.

Wikimedia Commons haina mmiliki wa kutafuta faida, na kwa picha za majengo, sherehe na mandhari ni hazina kubwa. Hata hivyo, haifai kuwa onyesho la kazi la mtu anayeishi kwa kamera. Leseni zake lazima ziruhusu yeyote kuitumia picha, hata kibiashara. Mpiga picha wa harusi hawezi kuanza na sharti hilo.

Zinabaki programu huria tunazoweza kuzisimika katika seva ya kukodi. Tatu hutajwa zaidi. WordPress, iliyopo tangu 2003, ni nzuri kwa kurasa za kazi za mtu mmojammoja: kila mwanachama anapata ukurasa wake wenye maelezo na mawasiliano. Udhaifu wake ni kwamba haikuzaliwa kuwa ghala la picha, na kila kiongezi unachokiweka ili iwe ghala ni mlango mwingine wa kulinda. Piwigo, iliyoanza Ufaransa mwaka 2002, imezaliwa kuwa ghala. Inapanga albamu, inaruhusu albamu fulani zionwe na watu fulani tu, na kwa kiongezi chake kiitwacho Community wanachama hupakia picha wenyewe huku msimamizi akizipitia kwanza. Udhaifu wake ni sura: inaonyesha albamu vizuri kuliko inavyomtambulisha mtu. Pixelfed inafanana na Instagram na inaunganisha seva mbalimbali, lakini inadai seva yenye nguvu na fundi anayeijua. Kikundi cha wanafunzi humpoteza fundi wake kila anapohitimu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa programu huria. Programu ni ya bure, lakini seva inalipiwa, jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, masasisho yana mtu wa kuyafanya na nakala rudufu ina mtu wa kuikumbuka. Tovuti iliyojengwa kwa moyo mkunjufu ikaachwa bila masasisho hudukuliwa, na kikundi hupoteza picha zake kama walivyozipoteza wapangaji.

Kuna pia mtazamaji. Tangu Julai 2018 Mganda alilipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 juu ya bando. Picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4, hivyo ukurasa wa picha 40 zisizopunguzwa unakula megabaiti 160. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa huohuo unakula megabaiti 8. Piwigo na WordPress zote hutengeneza nakala ndogo zenyewe. Programu isiyofanya hivyo inawafukuza watazamaji wa kawaida.

Mwisho kuna anayeonekana pichani. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaitambua ridhaa ya mtu kuhusu taarifa zake. Kwa hiyo tunahitaji programu inayoweza kuificha albamu moja, kuifuta picha moja mtu anapoomba, na kuondoa alama za mahali zilizofichwa ndani ya faili.

Hukumu yangu ni Piwigo kwa ghala la pamoja, na kurasa chache za WordPress kwa wanaotafuta wateja. Mitandao ya kijamii ibaki kuwa barazani tunapowaalikia wageni, wala isiwe chumba cha kuwekea mali. Hata hivyo, ninaweka sharti moja kwa programu yoyote. Tupakie picha 20 zenye majina ya wapigaji, tarehe na maelezo, kisha tuzitoe zote. Mara nyingi picha hutoka na maelezo hubaki katika hifadhidata. Basi tuandike maelezo ndani ya faili lenyewe kabla ya kupakia, jina la tovuti tulisajili kwa niaba ya kikundi, na nenosiri walijue watu wawili wa miaka tofauti ya masomo. Tusiposhinda jaribio hilo, tusipakie picha ya ishirini na moja.